Daraja la br0 na Swichi Iliyofungwa Nairobi

Wiki hii nilikuwa kwenye ofisi moja hapa mjini Kakamega, nikaulizwa swali ambalo najua wengi wenu mnalo: "Mashine zangu pepe zinafika intaneti vizuri, mbona kompyuta ya meza ya pili haiwezi kuzifikia?"

Jibu fupi: ziko nyuma ya NAT. Ukisakinisha KVM na libvirt, mashine pepe (kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta nyingine) kwa kawaida hupewa anwani inayoanza na 192.168.122, halafu seva ndiyo inayoisemea huko nje. Yenyewe inaweza kutoka, lakini jirani akipiga hodi hafunguliwi. Dawa yake ni daraja. Kabla ya amri, nipeni dakika mbili za historia, maana nchi yetu iliwahi kuugua ugonjwa unaokaribiana na huu.

Hadi mwishoni mwa 2000, kampuni za intaneti za Kenya hazikuwa na mahali pa kukutana. Ukimwandikia barua pepe mtu wa mtaa wa pili anayetumia kampuni nyingine, pakiti zilipanda kwenye satelaiti kilomita 36,000 juu, zikashuka Marekani au Ulaya, zikapanda tena, ndipo zikashuka Nairobi. Piga hesabu: kilomita 144,000, karibu nusu sekunde kwa mwendo wa mwanga, na hiyo ni kwenda tu. Safari hiyo yote ililipiwa kwa dola.

Novemba 2000, kampuni hizo kupitia chama chao, TESPOK, zikafungua KIXP jijini Nairobi. Ilikuwa nini hasa? Swichi. Kila kampuni inaleta waya wake, majirani wanaongea moja kwa moja. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kubeba mawasiliano ya kimataifa, ikalalamika. Desemba hiyohiyo Tume ya Mawasiliano ikaamuru swichi izimwe. Ilikaa kimya zaidi ya mwaka, ikawashwa tena Februari 2002 ikiwa na kampuni tano. Safari iliyokuwa ikichukua zaidi ya sekunde nzima kwenda na kurudi ikashuka chini ya milisekunde 100.

Kinachonichekesha ni tarehe. Januari 2001, wakati swichi ile imezimwa, Linux 2.4 ilitoka ikiwa na msimbo mpya wa daraja ulioandikwa na Lennert Buytenhek. Kompyuta kuukuu yenye kadi mbili za mtandao iligeuka swichi bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Februari 2007 KVM ikaingia kwenye kerneli 2.6.20, na daraja lilelile likapata kazi mpya: kuunganisha mashine pepe na majirani zake.

Haya, amri zenyewe (badilisha eno1 iwe jina la kadi yako, na anwani ziwe zako):

ip link add br0 type bridge
ip link set br0 up
ip link set eno1 master br0
ip addr flush dev eno1
ip addr add 192.168.1.10/24 dev br0
ip route add default via 192.168.1.1

Kisha iambie libvirt iunganishe mashine pepe na br0. Itapata anwani kutoka kwa rauta ya ofisi kama kompyuta nyingine yoyote. Kadi ya WiFi usiijaribu: kwa kawaida hukataa kuingizwa kwenye daraja.

Sasa onyo. Kadi ikishaingia darajani, anwani haikai tena kwenye kadi, inahamia br0. Mimi niliwahi kufanya kazi hii usiku nikiwa nyumbani, kupitia SSH. Baada ya mstari wa tatu, kimya. Nilipanda bodaboda kwenye mvua yetu ya Kakamega kwenda kugusa kibodi.

Siku hizi naanza na shutdown -r +5, halafu naweka amri zote sita kwenye faili moja na kuliendesha mara moja. Nikijifungia nje, baada ya dakika tano seva inawaka upya na amri hizo zinafutika. Mambo yakienda sawa, shutdown -c inaghairi, ndipo naandika mipangilio ya kudumu.

Yule jamaa wa ofisini sasa anafika kwenye mashine yake bila kupitia kwa mtu. Tukutane wiki ijayo.