Mizani, vina na takriri

Vipimo vitatu vya kuchambua umbo la shairi. Kwa msomaji wa Kabezi, kusini mwa Bujumbura kwenye barabara ya Rumonge kando ya Ziwa Tanganyika, mwongozo wa Kiswahili ulio jirani zaidi ni wa mwana wa ziwa hilohilo: Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, aliyetoa *Sheria za Kutunga Mashairi* mwaka 1954.

Mizani ni hesabu ya silabi. Mshororo wa shairi la kimapokeo huwa na 16, yaani 8 katika ukwapi (nusu ya kwanza) na 8 katika utao (nusu ya pili). Wa utenzi huwa na 8. Hapa mzungumzaji wa Kirundi hujikwaa: lughani mwake urefu wa irabu hubadili maana, lakini mizani ya Kiswahili haiujali. Hujali silabi tu, hata ile isiyo na irabu: *mtu* ni mizani mbili.

Kina ni silabi nzima. *Mukeke* (samaki wa ziwani) na *peke* vyapatana. *Mukeke* na *ndege* havipatani, japo sikio la haraka huridhika.

Takriri, yaani urudiaji, ndiyo ngumu kupima. Kibwagizo huonekana wazi. Lakini katika lugha za Kibantu upatanisho wa ngeli hurudia sauti wenyewe: *visu vyangu vidogo vimevunjika* ni sarufi, bado si ufundi. Mhakiki anayehesabu kila *vi-* kuwa pambo anamsifu mshairi kwa kazi ya lugha.