Pho Tamu Hufuata Kodi
Ukitaka pho tamu karibu na Washington, usiitafute katikati ya jiji. Enda Falls Church, Virginia, kwa maduka ya Eden Center. Mbona iko huko nje, tena mbele ya paking kubwa hivyo? Jibu ni kodi.

Saigon ilianguka 30 Aprili 1975. Wakimbizi wengi wakafika Virginia, wakafungua maduka na mikahawa Clarendon, mtaa wa Arlington. Wakati huo barabara zilikuwa zimechimbwa juu ya ujenzi wa treni ya chini ya ardhi, wateja wamehepa, na kodi iko chini. Hao wageni ndio walishikilia mtaa. Stesheni ikafunguliwa 1979, kodi ikapanda, wakasukumwa nje. Kuanzia 1984 wengi wakahamia Eden Center, na mpaka leo bendera ya manjano ya Vietnam Kusini, nchi ambayo haiko tena, bado inapepea hapo.

Kwa hivyo, wasee, mtaa wenu ukianza kuletewa barabara mpya, msishangilie tu. Ulizeni pia: yule mama wa chapati atabaki?