Nyota ya Ncha 8: Kona Ngumu Kuliko Zote Kwenye Blanketi, na Wanawake Wasiojulikana Walioipa Heshima

Ukikutana na picha ya blanketi la nyota la Walakota kwenye simu, rangi zikisambaa kutoka katikati kama jua linachomoza, ni rahisi kugonga laiki na kusonga mbele. Subiri kidogo. Kuza picha, angalia pale kati ya ncha mbili za nyota, kwenye kona ya ndani. Shughuli yote iko hapo. Kona hiyo imewatoa watu jasho kwa karibu miaka 200, na wanawake walioifanya iwe alama ya heshima kwa taifa zima, wengi wao hata majina hayajulikani.

Kwanza, kwa nini ni ngumu?

Nyota hii ina almasi kubwa 8, umbo kama la uru kwenye karata. Kila moja inaanzia katikati kwa pembe ya digrii 45. Nane mara 45 ni 360, duara limetimia. Kwenye karatasi hesabu imekaa vizuri, ila kwenye kitambaa ni balaa. Kila almasi ikizidi digrii moja tu, jumla inafika 368 na pembeni pa blanketi panacheza mawimbi kama marinda. Ikipungua digrii moja, katikati panainuka kama kofia. Na usisahau kila almasi kubwa ni viraka vidogo vilivyoungwa. Safu 7 za viraka 7 ni 49, mara almasi 8 ni viraka 392. Kosa dogo likijirudia kila mshono, mwisho wa siku ni kufumua.

Halafu ndiyo inakuja kona. Blanketi linatakiwa liwe mraba, kwa hiyo nafasi kati ya ncha lazima zijazwe: nne kwa vipande vya mraba, nne kwa pembetatu. Kila kipande kinaingizwa kwenye kona ya digrii 90 iliyobanwa na almasi mbili, na mishono mitatu inakutana kwenye nukta moja, kama herufi Y.

Cherehani inapenda kunyoosha njia, na hapa hakuna njia ya kunyoosha. Fundi anatia alama ya nukta kwenye kila kona, kama milimita 6 kutoka ukingoni. Hata mshono wa kuunganisha almasi mbili unaishia kwenye nukta hiyo, haufiki ukingoni. Kisha analeta kipande cha mraba, anashona upande mmoja mpaka kwenye nukta, anarudi nyuma hatua mbili tatu za sindano ili uzi usiachie, anakata. Anageuza kitambaa, anaanza tena nukta ileile kuelekea upande wa pili. Akipitiliza hatua moja tu, mkunjo unatokea mbele. Akiishia mapema, anaacha tundu. Na kwa kuwa almasi ina kingo zilizokatwa mshazari, kitambaa kinavutika: ukiburuza pasi badala ya kuikandamiza, vipimo vimeshakwenda.

Ilifikaje kwa Walakota?

Mwanzoni mwa miaka ya 1800, wanawake wa Marekani wenye asili ya Ulaya walikuwa tayari wanashona nyota hii. Waliiita Star of Bethlehem, na baadaye jina la Lone Star likashika. Ilikuwa ni kazi ya kuonyesha kwamba mkono wako si wa mchezo.

Walakota, watu wa nyanda za kaskazini, wao walikuwa na ngozi ya nyati. Nyati aliwalisha, akawavika na kuwafunika usiku. Ngozi yake ilichorwa kwa rangi, na kumvika mtu ngozi hiyo ilikuwa ni kumpa heshima. Kisha uwindaji wa kibiashara ukawafyeka nyati. Wanyama waliokuwa mamilioni kwa mamilioni, mwishoni mwa miaka ya 1880 wakabaki kwa mamia. Walakota wenyewe wakasukumwa kwenye maeneo yaliyotengwa.

Zikaja shule za bweni. Ile ya Carlisle, Pennsylvania, ilifunguliwa mwaka 1879. Watoto walikatwa nywele, wakakatazwa lugha yao, na wasichana wakakalishwa kufundishwa kushona. Huko nyumbani, wamisionari nao waliwafundisha akina mama. Lengo halikuwa siri: wageuke wawe watu wengine.

Sindano wakaishika kweli. Ila kati ya mitindo yote waliyoonyeshwa, nyota ndiyo iliyowaingia moyoni, kwa sababu waliiona ndani yake nyota ya asubuhi, ambayo tayari ilikuwa na nafasi katika imani yao. Blanketi la nyota likakaa pale ngozi ya nyati ilipotoka. Mtoto akizaliwa, anafunikwa nalo. Mtu akipewa jina, akirudi kutoka vitani, akimaliza shule, anavishwa mabegani. Akifa, anasindikizwa nalo.

Na si mambo ya kale tu. Kule Fort Peck, Montana, kwa Waassiniboine na Wasioux, familia hutoa mablanketi ya nyota kwenye mechi za kikapu za sekondari, na wanaopewa ni pamoja na makocha na wachezaji wa timu pinzani. Yaani mpinzani wako anaondoka amebeba kazi ya mikono ya bibi yako.

Majina yako wapi?

Mwaka 1979 kampuni ya Olfa ya Japani ilitoa kisu cha gurudumu, na ukataji wa viraka ukawa wa chap chap. Kona ya Y haikubadilika. Bado unasimama kwenye nukta, unageuza, unaanza upya.

Makumbusho mengi yana mablanketi ya zamani ambayo kwenye kibao, sehemu ya jina la mshonaji, imeandikwa tu kwamba hajulikani. Blanketi lenyewe bado limelala bapa, bila wimbi wala kofia katikati. Maana yake kuna mwanamke alisimama kwenye nukta sahihi mara 8, na hakuna aliyeandika jina lake.

Nyumbani kwenu kuna kitu kilichoshonwa au kufumwa na bibi? Jina lake limeandikwa popote? Dondosha hapo chini.