Kufuma kwa rangi mbili: anza na kofia ya mtoto

Ikiwa tayari unajua kufuma sweta ya rangi moja kwa sindano mbili, unaweza kujifunza kuweka maua. Hapa unatumia rangi mbili katika mstari mmoja: uzi mmoja unafuma, mwingine unapita nyuma ukisubiri zamu yake. Wafumaji wa visiwa vya Shetland, huko Uingereza, wanasifika kwa sweta za namna hii, na hata wao kwa desturi hawazidishi rangi mbili kwa mstari.

Hatari iko upande wa nyuma. Uzi unaosubiri ukivutwa sana, nguo hujikunyata na hainyumbuki. Kofia inapendeza lakini haiingii kichwani. Hapo umepoteza uzi, na kwa mkazi wa Nakivale pengine pia nauli ya kuufuata Mbarara. Kwa hiyo kila unapobadilisha rangi, kwanza tandaza vitanzi vilivyo kwenye sindano ya kulia, ndipo upitishe uzi mpya ukiwa umelegea kidogo. Kidogo tu, maana uzi unaoning'inia hunasa vidole vya mtoto. Katika mstari wa kurudi, nyuzi zinazosubiri zinakuwa upande wako; hapo unaziona vizuri.

Chagua ua linalobadilisha rangi kila baada ya vitanzi vitatu au vinne. Vikizidi vitano, pitanisha nyuzi hizo mbili mara moja katikati ili ule wa nyuma ushikwe. Amua mapema uzi upi utapita juu na upi chini, usibadilishe hadi mwisho. Ule wa chini ndio utakaoonekana zaidi.

Chora ua kwenye daftari la hesabu lenye visanduku: kisanduku kimoja, kitanzi kimoja. Aliyezoea kusuka vikapu vya agaseke tayari ana michoro kichwani.

Nunua uzi wote kwa safari moja, wa unene mmoja, na ulinganishe namba ya rangi kwenye karatasi yake. Nyekundu ilowesheni kipande kwanza, ukikandamize kwenye kitambaa cheupe. Ikichuja, usiichanganye na nyeupe.

Kisha fuma kipande cha majaribio chenye ua, kwa sababu kipande cha rangi moja kitakudanganya: maua hubana zaidi. Kipime kwa rula. Ukipata vitanzi 24 kwa sentimita 10, kofia ya sentimita 40 inahitaji vitanzi 96, pamoja na viwili vya kushonea ubavuni.