Paladini na vipawa vyake: kutoka bahati ya dadu mpaka uamuzi wa mchezaji



Siku ya posho iliyopita, mchezo ulipokwisha, mdogo mmoja wa kikundi chetu alibaki ku meza na karatasi yake. Tulikuwa tumepoteza mhusika wa mwenzetu siku hiyo. Baraka ya paladini ilikatika katikati ya vita, na mhusika akafa. Mwenye paladini hakufurahi. Akaniuliza: "Yaya, nimefika ngazi ya 4. Niongeze pointi ao nikamate kipawa? Ku liste yote yenye nilisoma, wanasema kila mutu akamate kile cha silaha kubwa."

Jibu fupi lilikuwepo. Lakini niliona kwamba swali lake ni la historia kabla ya kuwa la hesabu. Mtu mwenye hajui kipawa kilitoka wapi atachagua kwa kufuata wengine tu. Basi hii ndiyo jibu refu.

Kwa wale wenye hawajacheza: Dungeons & Dragons ni mchezo wa meza. Kuko karatasi, penseli, dadu, na mtu mmoja mwenye kusimamia hadithi. Kila mchezaji anabeba mhusika mmoja. Paladini ni mhusika mwenye kupigana kama askari lakini amefungwa na kiapo, na kiapo hicho kinampa nguvu za kimuujiza. Kipawa ni uwezo wa pekee wenye mchezaji anachagua kadiri mhusika anavyopanda ngazi. Wenye kucheza kwa Kifaransa wanaita "don". Jina hilo linadanganya kidogo, maana zawadi hupewa bure. Kipawa cha paladini, karibu kila mara, kinalipiwa.

Watu wa jumba la mfalme

Neno "paladini" linatoka katika Kilatini, palatinus, yaani mtu wa jumba la mfalme. Mfalme mwenye kutajwa ni Charlemagne. Tarehe 15 Agosti 778, jeshi lake lilipokuwa linarudi kutoka Hispania, sehemu ya nyuma ya jeshi ilivamiwa katika milima ya Pyrenees, pale Roncevaux. Kati ya waliokufa kulikuwa Roland. Waliomuua ni Wabaske, watu wa milima ile.

Karibu miaka 300 baadaye, Wimbo wa Roland ulisimulia mambo kwa namna ingine kabisa. Wabaske walitoka, wakaingia Waislamu. Mapigano ya njiani yakawa vita vikubwa vya imani, na Roland akawa mmoja wa mashujaa kumi na wawili wa mfalme. Kumbe tangu mwanzo paladini ni mtu mwenye kutengenezwa na wasimulizi: kushindwa kwa jeshi kuligeuzwa kuwa sifa.

Mwandishi wa Marekani Poul Anderson alizichukua hadithi hizo katika Three Hearts and Three Lions. Ilitoka kwanza katika gazeti la hadithi mwaka 1953, kisha ikawa kitabu mwaka 1961. Shujaa wake, Holger Carlsen, ni Mdenmark wa wakati wa vita ya pili ya dunia, mwenye kujikuta katika dunia ingine ambako Sheria inapambana na Vurugu. Polepole anagundua kwamba yeye mwenyewe ni mmoja wa mashujaa wa Charlemagne. Gary Gygax alikisoma. Mwaka 1979 alikitaja katika orodha ya vitabu vilivyomfundisha kutengeneza mchezo wake.

Mlango wenye kufunguliwa na dadu

Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons mwaka 1974. Paladini hakuwemo. Aliingia mwaka 1975, katika kitabu cha nyongeza chenye kuitwa Greyhawk, cha Gygax na Rob Kuntz. Sharti lilikuwa moja kali: askari wa upande wa Sheria, mwenye Mvuto wa 17 ao zaidi. Mvuto ni ile namba yenye kupima nguvu ya utu wa mhusika: namna anavyoongoza na namna watu wanavyomsikiliza.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Wakati ule kila namba ya mhusika ilipatikana kwa kutupa dadu 3 za pande sita na kujumlisha. Matokeo yote yenye kuwezekana ni 216. Yenye kutoa 17 ni 3, yenye kutoa 18 ni 1. Yaani nafasi 4 kwa 216, ao 1 kwa 54. Ukitaka kuwa paladini, hukuwa unachagua. Ulikuwa unangoja. Wachezaji 53 wanarudi na askari wa kawaida, wa 54 anapewa farasi na nguvu ya kuponya.

Mwaka 1978 kanuni ziliandikwa upya na zikazidi kukaza. Paladini lazima awe binadamu. Lazima awe mwema na mwenye kufuata sheria. Nguvu isipungue 12, Hekima 13, Mvuto 17. Atoe sehemu moja ya kumi ya mapato yake. Asiwe na vitu vya kimuujiza zaidi ya 10. Na akitenda uovu kwa kusudi, anapoteza upaladini wake milele. Njia za kutupa dadu zililegezwa kidogo, lakini mlango ulibaki mwembamba, hata katika kanuni mpya za 1989.

Tuone vizuri maana yake. Kwa miaka 25, uzuri wa paladini ulitoka mahali pawili tu: bahati ya siku ya kwanza na makatazo. Kisha hapo mchezaji hakuwa na mengi ya kuamua. Paladini wawili wa ngazi moja walifanana kama mapacha. Na sababu makatazo yalikuwa mengi, meza nyingi ziligombana: je, kumdanganya adui ni uovu? Je, mfungwa akikimbia? Ubishi mwingi ulikuwa juu ya namna ya kumpoteza paladini, si namna ya kumjenga.

Mwaka 2000: vipawa vinaingia

Kanuni za tatu zilitoka mwaka 2000. Waliozitengeneza ni Jonathan Tweet, Monte Cook na Skip Williams, kwa kampuni ya Wizards of the Coast. Sharti la Mvuto wa 17 liliondolewa. Paladini hakuwa tena lazima binadamu. Jamii zote za hadithi zilikaribishwa. Wema na sheria vilibaki lazima. Na hapo ndipo vipawa viliingia kama sehemu ya kila mhusika: kimoja ngazi ya 1, kisha kimoja kila ngazi tatu, na binadamu anaongezewa kimoja mwanzoni.

Hesabu tena. Paladini binadamu mwenye kufika ngazi ya 20 alipata vipawa 8. Askari wa kawaida binadamu alipata 19, sababu kazi yake ilimpa 11 vya ziada. Basi paladini alikuwa maskini wa vipawa. Kosa moja lilimgharimu sehemu kubwa ya mali yake.

Mfano ni vipawa vya farasi. Kwanza unajifunza kupigana ukiwa juu ya farasi. Kisha kupiga na kupita bila kusimama. Kisha kushambulia kwa mbio, na hapo mkuki mrefu unaumiza mara tatu. Vinafuatana kama masomo ya chuo: huwezi kuruka mwaka wa pili. Paladini binadamu aliweza kuvimaliza vyote vitatu ngazi ya 3, na ngazi ya 5 farasi wake wa kimuujiza anafika. Kwenye karatasi ni picha safi ya Roland. Lakini kama msimamizi anapeleka hadithi katika mapango na ngazi za mawe, farasi anabaki nje, na vipawa vitatu vinabaki naye. Wachezaji wa miaka ile walijifunza swali la kwanza la kuchagua kipawa: hadithi yetu inaenda wapi?

Mwaka 2014: kila kipawa kina bei

Kanuni za nne, mwaka 2008, zilifungua mlango wa mwisho: paladini hakulazimika tena kuwa mwema mwenye kufuata sheria. Kanuni za tano, mwaka 2014, zilimrudishia kiapo kwa namna mpya. Ngazi ya 3 mchezaji anachagua kiapo chenyewe: cha uaminifu, cha mambo ya kale, ao cha kisasi. Si makatazo tu yenye kutoka juu. Ni ahadi yenye mchezaji anajichagulia.

Vipawa navyo vilibadilika. Vikawa vichache lakini vikubwa, na msimamizi aliweza hata kuvikataa. Ngazi za 4, 8, 12, 16 na 19, paladini anapewa pointi 2 za kuongeza kwenye namba zake. Akitaka kipawa, anaziacha pointi hizo. Bei inaonekana kabisa.

Tuchukue kile kipawa cha silaha kubwa, chenye liste zote zinasifu. Unakubali kupunguza 5 kwenye dadu ya kulenga, na ukipata, unaongeza 10 kwenye jeraha. Paladini wa mdogo wetu ana Nguvu 16 na upanga wa mikono miwili, wenye kuumiza 10 kwa wastani. Tusihesabu mapigo ya bahati ya 20.

Adui mwenye ulinzi wa 13: bila kitu chochote anampata 65%, ni wastani wa 6.5 kwa pigo. Akitumia kipawa anampata 40%, lakini kwa 20, yaani 8. Akiongeza Nguvu badala ya kipawa, anampata 70% kwa 11, yaani 7.7. Kipawa kinashinda, lakini kwa kidogo.

Adui mwenye chuma kizito, ulinzi wa 18: bila kitu ni 4. Akitumia kipawa ni 3. Akiongeza Nguvu ni karibu 5. Hapa kipawa kinamrudisha nyuma, na afadhali asikitumie.

Kwa hiyo liste hazidanganyi, ila hazisemi yote. Zinahesabu jeraha la mtu mmoja. Hazihesabu yule mwenzetu aliyekufa siku ya posho.

Alikufa juu ya nini? Baraka ya paladini inawaongezea watu watatu dadu ya pande 4 kila wanapolenga ao kujikinga. Lakini inashikwa kwa umakini. Paladini akipigwa, lazima atupe dadu na kufika angalau 10, ama sivyo Baraka inakatika. Paladini wa mdogo wetu anaongeza 2 tu, kwa hiyo anashika 65%. Kuko kipawa cha kushika muujiza katikati ya vita, chenye kumruhusu kutupa dadu mbili na kuchukua iliyo bora. Nafasi inapanda mpaka karibu 88%. Hakiongezi jeraha hata moja. Kinafanya wenzake watatu wabaki wamesimama.

Namba ile ile, kazi ingine

Mwaka 2024 kanuni ziliandikwa tena. Vipawa si vya hiari ya msimamizi tena. Kila mhusika anaanza na kimoja kutoka maisha yake ya zamani, na vingi vya ngazi ya 4 vinaongeza pia pointi 1. Kile cha silaha kubwa hakina tena ule mchezo wa kupunguza 5 na kuongeza 10. Liste nyingi za zamani zimekufa siku moja. Ila mwenye kujua sababu ya kuchagua hakupoteza kitu.

Nilimshauri mdogo wetu, kwa kuwa sisi bado tunacheza na kanuni za 2014, akamate kipawa cha umakini. Jana alinijibu. Amekataa.

"Yaya, nimehesabu vile ulinionyesha. Ila naongeza Mvuto, 16 inakuwa 18. Juu ngazi ya 6 nitapata lile duara la ulinzi, na kila mutu mwenye kusimama karibu yangu ataongeza 4 pahali pa 3, hata kama Baraka imekatika."

Nilifungua kitabu kuhakikisha. Ana haki. Ngazi ya 6, Mvuto wa paladini unaingia katika kila dadu ya kujikinga, yake na ya wenzake wenye kuwa ndani ya futi 10, kama metre 3. Hata Baraka yake mwenyewe itashikwa vizuri zaidi. Mvuto ndio ile namba yenye mwaka 1975 iliwafungia mlango wachezaji 53 kati ya 54. Yeye ameiongeza mwenyewe, kwa kuacha kipawa, na watakaofaidika zaidi ni wenye kusimama pembeni yake.

Kuko bei, na anaijua: mpaka ngazi ya 6 Baraka yake itaendelea kukatika mara kwa mara. Siku ya posho inayokuja, mwenye kupoteza mhusika analeta mpya. Mdogo wetu amekwisha kumwambia asimame wapi.