Cheni ya injini ikipiga kelele, anza kwa kupima oili

WENYE magari yaliyokula chumvi nyingi wanaifahamu kelele hii. Asubuhi, mara tu injini inapowaka, upande wa mishipi husikika mlio kama wa mnyororo unaotikiswa ndani ya debe. Baadhi yao hupandisha sauti ya redio na kuendelea na safari. Wengine humkimbilia mekanika, naye huwaambia kwamba lazima injini yote ifunguliwe. Mara nyingi, wote wawili huishia kupoteza pesa.

Cheni ya taimingi huunganisha krankishafti iliyo chini na kamishafti zilizo juu, ili vali zifunguke na kufungika kwa wakati ufaao. Tofauti na mshipi wa mpira, kwa kawaida haina muda maalumu wa kubadilishwa, na ndiyo maana husahaulika. Kinachoiweka ikiwa imekazika ni kifaa kidogo ambacho mafundi hukiita tenshona. Katika magari mengi, kifaa hicho husukumwa na shinikizo la oili.

Gari likilala usiku kucha, oili hiyo huteremka. Kwa hivyo mlio wa sekunde moja au mbili kisha kimya si wa kumnyima mtu usingizi, ingawa ukizidi kurefuka siku baada ya siku ni onyo. Mlio unaoendelea hata injini ikiwa imepata moto ni jambo jingine. Cheni iliyolegea yaweza kuruka meno ya gia, na katika injini nyingi pistoni hapo hugonga vali na kuzipinda. Gari la namna hiyo livutwe hadi gereji.

Kabla ya kumlipa yeyote, chomoa kijiti cha kupimia oili. Chukua mfano wa Toyota Wish ya sisi 1800 iliyoanza kuuzwa Japani mwaka wa 2003, au Premio ya sisi 1800 ya kati ya 2001 na 2007. Injini yake, 1ZZ-FE, inajulikana kwa kula oili inapozeeka, ilhali hubeba chini ya lita nne. Anayesubiri tarehe ya sevisi bila kupima huenda akafika akiwa amebakisha nusu.

Oili ikiwa imepungua au imekuwa nyeusi tititi, ibadilishe pamoja na kichujio, kwa kiwango kilichoandikwa katika kijitabu cha gari. Ushauri wa kutia oili nzito ili kunyamazisha mlio huwafaa wanaotaka kuliuza gari kesho. Oili hiyo huchelewa kuifikia tenshona asubuhi, na huweza kutatiza mfumo wa kurekebisha vali.

Mlio ukidumu, mekanika na aondoe mshipi wa nje na kuwasha injini iliyopoa kwa sekunde chache tu, kwa kuwa katika magari haya mshipi huo ndio unaozungusha pampu ya maji. Kelele ikitoweka, cheni haina hatia. Mkosaji ni pampu, jenereta au beringi.

Katika 1ZZ-FE, tenshona hutolewa kutoka nje bila kufungua kifuniko cha mbele. Hiyo ni nafuu kubwa, lakini ina mtego. Pini yake hurudishwa ndani na kufungwa kwa ndoano kabla ya kuwekwa, kisha krankishafti huzungushwa kidogo kinyumenyume ili ndoano iachilie. Mekanika asiyejua hilo huiacha cheni ikining'inia. Vilevile injini isizungushwe kamwe tenshona ikiwa nje.

Cheni yenyewe ikiwa imerefuka, taa ya injini huweza kuwaka na kompyuta ikaonyesha hitilafu P0016. Hapo usikubali kubadilishiwa cheni pekee: gia, tenshona na reli zinazoiongoza zote zikaguliwe, na zilizolika zibadilishwe. Vipuri vilivyotolewa katika injini nyingine kuukuu ni sawa na kununua kelele ya jirani.

Kazi ikikamilika, kabla ya ufunguo kuguswa, fundi azungushe krankishafti kwa spana mizunguko miwili kamili na kuhakikisha alama za gia zimerudi mahali pake. Ikikwama popote, asiilazimishe.