Tudor Ilipokuwa Njiani

Matatu ya Tudor haina safari ndefu. Ikitoka mjini hupita Buxton, ikashika barabara ya Tom Mboya hadi Chuo Kikuu cha Ufundi, na mbele kidogo lami inakwisha kwa sababu kisiwa chenyewe kimekwisha. Anayetaka kuvuka maji hana la kufanya huko. Wa Kisauni hupita daraja la Nyali, wa Changamwe hupita Makupa, wa Likoni husubiri feri. Tudor imebaki kona ya kisiwa cha Mombasa, lakini haikuumbwa kona.

Tazama ramani. Hori la Tudor linaanzia kwenye bandari ya Mji wa Kale, linazunguka kisiwa kwa upande wa kaskazini, kisha linaingia bara hadi Jomvu na kuelekea vilima vya Rabai. Kabla ya reli, hiyo ndiyo iliyokuwa barabara kuu. Pembe, nafaka na sandarusi za Wamijikenda zilishuka kwa njia ya maji. Nguo na shanga zikapanda. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na miaka miwili baadaye akaenda kukaa Rabai na mwenzake Johannes Rebmann. Nao walisafiri kwa mashua kupitia hori hilo hilo, kama wenyeji wote. Saa ya kuondoka hakupanga nahodha. Maji yakijaa mwendo ni mwepesi, yakipwa mashua inakaa kwenye matope ya mikoko na abiria wanabaki kuhesabu kaa.

Kisha ikaja Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Mwaka 1890 ilianza kutandika reli nyembamba kuelekea bara, ikaishiwa na nguvu baada ya maili chache tu. Vyuma vile havikutupwa. Viling'olewa, vikaletwa kisiwani, na Mombasa ikapata usafiri wake wa kwanza wa mjini: toroli. Lilikuwa benchi lililofunikwa turubai juu, chini magurudumu madogo, na nyuma watu wa kulisukuma. Njia ilitoka Mji wa Kale hadi Kilindini, na vijia vya pembeni viliingia hadi kwenye nyumba za wakubwa, kwani wakubwa walikuwa na matoroli yao binafsi pamoja na wasukumaji wao. Matoroli mawili yakikutana uso kwa uso, moja lilibidi literemshwe kwenye reli ili lingine lipite. Sihitaji kueleza nani alimpisha nani. Kwenye picha za wakati ule abiria amevaa kofia ya jua na anatazama kamera; msukumaji, aliyekuwa injini ya mji mzima, hakuna aliyejishughulisha kuandika jina lake. Matoroli yalitoweka katika miaka ya 1920 magari yalipozidi. Kazi ya kusukuma haikutoweka: mkokoteni wa soko la Marikiti bado unaenda kwa jasho.

Kilichoinyima Tudor nafasi yake kwenye njia hiyo ya maji ni reli kubwa, iliyoanza kujengwa mwaka 1896. Ilitoka kisiwani kwa daraja pale Makupa, na tangu siku hiyo mzigo wa bara haukuwa na haja ya kungoja maji yajae. Baadaye daraja likaondolewa, likajengwa tuta, na maji ya hori la Tudor yakatenganishwa na yale ya hori la Port Reitz. Chombo hakikuweza tena kuzunguka kisiwa. Mwaka 1931 likafunguliwa daraja la Nyali lililoelea juu ya maboya, na mwaka 1937 feri ikaanza Likoni. Milango mitatu, yote mbali na Tudor.

Mtaa ukageuka pa kuishi na kusoma. Chuo Kikuu cha Ufundi kilianza huko kama Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, na wanafunzi, walimu na makarani walihitaji gari la kuwapeleka na kuwarudisha. Mabasi ya Kenya Bus yalihudumia mji kwa miaka mingi, lakini mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliporuhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu, mabasi yalianza kushindwa. Basi hungoja saa, makanga huita. Kanuni za waziri John Michuki za mwaka 2004 zilileta mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa njano, na utaratibu kiasi. Tuktuk nazo zikaingia vichochoro ambavyo matatu haikuvitaka, na baada ya serikali kuondoa kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008, bodaboda zikajaa kila kona.

Mwaka 2022 tuta la Makupa lilipisha daraja jipya, na maji yakaanza kupita tena kati ya mahori mawili. Faida zake zilipoelezwa, wavuvi na mikoko walitajwa sana. Abiria hakutajwa, nami naona hilo ni kosa, kwa sababu kutoka Tudor unaiona ng'ambo kwa macho, lakini anayekwenda sokoni Kongowea hana budi kurudi nyuma hadi Buxton, ateremke, asubiri matatu inayotoka mjini ikiwa na nafasi, kisha avuke daraja la zege lililofunguliwa mwaka 1980 juu ya hori lile lile, akilipa nauli mara mbili.